Kutembea kwa Visivyotembea

Kiangazi kinapoiva, nyasi za Liparamba hukauka hadi zinalia zikiguswa, na mtu akitupa macho upande wa mto Ruvuma wakati wa magharibi mara nyingi huona uzi mwekundu umelala juu ya kilima. Kesho yake uzi huo uko kwingine. Umevuka bonde, umezunguka mwamba, umeacha weusi nyuma yake. Kila mtu atakwambia moto umetembea, na hakuna atakayebisha.

Sasa uliza ni kitu gani hasa kilichotembea. Nyasi iliyokuwa ikiungua jana haijasogea hata unyayo mmoja, imegeuka majivu palepale ilipoota. Miti ya miombo imesimama na mizizi yake. Hakuna hata kimoja miongoni mwa vitu vilivyokuwa vinawaka jana ambacho kinawaka leo. Kilichohama ni kuwaka kwenyewe: kila kichaka kimepokea moto kutoka kwa jirani, kikauchukua kwa muda mfupi, kikampa jirani mwingine, kikazima. Sisi tunaotazama kwa mbali ndio tunaounganisha matukio hayo madogo tukayaita kitu kimoja.

Sura hii inahusu watu waliotumia zaidi ya miaka 50 kutengeneza vitu vya aina hiyo kwa makusudi. Baadhi ya vitu vyao vina seli milioni 11 na zaidi, na vyote vinatembea ingawa hakuna sehemu yake hata moja inayosogea.

Ulimwengu wao ni rahisi kuuchora. Aliyewahi kusimama ng'ambo ya bonde akatazama ngolo za Wamatengo katika milima ya Mbinga ameshauona kwa sura: mteremko mzima umegawanywa mashimo kwa safu, kila shimo limezungukwa na matuta yake, na kila moja linapokea maji ya mvua na udongo kutoka kwa yale yaliyo jirani nalo. Ufanye mteremko huo uwe tambarare isiyo na mwisho. Kila shimo liite seli. Kila seli iwe katika hali moja kati ya chache zinazoruhusiwa, na kwa kila pigo la saa itazame majirani zake tu, ifuate kanuni ileile inayofuatwa na wenzake wote, kisha ibadilike au ibaki. Pigo moja ni kizazi kimoja. Hiyo ndiyo otomata ya seli. Hakuna msimamizi anayeona shamba lote, na hakuna seli inayojua habari za mbali.

Moto wa porini unaingia humo vizuri sana. Zipe seli hali tatu: nyasi, moto, majivu. Nyasi iliyopakana na moto inakuwa moto, moto unakuwa majivu, na majivu yanabaki majivu mpaka mvua irudi. Kanuni za namna hii zina historia ndefu. Mwaka 1978 wanahisabati James Greenberg na Stuart Hastings walichunguza mfumo wa hali tatu za kutulia, kusisimka na kupumzika, ambao unaeleza pia mawimbi katika neva na misuli ya moyo, na mwaka 1992 wanafizikia Barbara Drossel na Franz Schwabl waliandika juu ya msitu wa kwenye kompyuta ambao unaota, unapigwa na radi na kuungua. Moto wa kweli una upepo, mteremko na unyevu, mambo ambayo kanuni tatu haziwezi kuyabeba. Hata hivyo jambo moja kubwa zinalibeba: kwa nini moto huenda mbele na haurudi. Mbele kuna nyasi, nyuma kuna majivu. Watunzaji wa misitu ya miombo wanaijua hesabu hii bila kuiandika. Huchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu kidogo na moto ukiwa dhaifu, ili ule mkali wa mwisho wa kiangazi ukifika ukute majivu mbele yake. Wanauzuia kwa kumnyima mtembezi kitu cha kukanyaga.

Ziweke akilini pande hizo mbili, mbele na nyuma, maana mhandisi wa vitu vinavyotembea hana kazi nyingine zaidi ya hizo. Mbele aandae, nyuma asafishe. Moto umejaliwa majivu, kwa hiyo nyuma yake hujisafisha wenyewe. Wengine hawakupewa bahati hiyo.

Kabla ya kompyuta, tuukaribie ubao wa bao. Unajulikana kuanzia Lamu na Zanzibar hadi ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ambako Wamalawi wanauita bawo: mashimo 32, kete 64. Mchezo kamili una nyumba, una takata na mtaji, na kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye wenzake mchezaji huendelea hadi alale. Hayo yote yaweke kando. Chukua tendo moja tu, lile la kuokota kete za shimo moja na kuzigawa moja moja katika mashimo yanayofuata, na ujiwekee sharti: kila mara okota shimo la nyuma kabisa.

Weka kete 6 katika shimo moja. Ukizigawa, unapata mashimo sita yenye moja moja. Okota ile ya nyuma, uiweke mbele: 2, 1, 1, 1, 1. Okota zile 2: zinabaki 2, 2, 1, 1. Okota 2 za nyuma: 3, 2, 1. Sasa okota 3, gawa, utazame. Unapata 3, 2, 1 tena, shimo moja mbele. Rudia, unapata 3, 2, 1, shimo jingine mbele. Haibadiliki tena, inatembea tu. Sababu yake inaonekana kwa jicho: lundo la nyuma lina kete za kutosha kabisa kumwongezea kila wa mbele moja na kuanzisha shimo jipya kwenye ncha, na kule lilikotoka halibakizi kitu. Jaribu kete 10, utaishia 4, 3, 2, 1. Kete 15 na 21 nazo zina ngazi zao. Ron Eglash, katika kitabu chake African Fractals cha mwaka 1999, ameeleza kwamba wachezaji wa owari nchini Ghana wanaujua mpangilio huu na kuutaja kama kundi lililo kwenye gwaride, naye akaulinganisha na otomata za seli.

Kete 7 ndizo zinazonipendeza zaidi, kwa sababu 7 haipangiki ngazi. Anza na 3, 2, 1, 1. Okota 3 ugawe: 3, 2, 2. Tena: 3, 3, 1. Tena: 4, 2, 1. Tena: 3, 2, 1, 1. Umbo limepotea mara tatu, limerudi mara ya nne, na limerudi likiwa mashimo manne mbele. Kitu kinachobadilika sura njiani kisha kikajirudia mahali pengine: hicho ndicho wachezaji wa kompyuta wanachokiita chombo cha angani, na cha kwanza kupatikana kilikuwa na mzunguko huohuo wa hatua nne.

Kilipatikana Cambridge, Uingereza. John Horton Conway, mwanahisabati wa chuo kikuu cha pale, alikuwa akitafuta kanuni fupi yenye matokeo yasiyotabirika, na yeye na wenzake walijaribu kwa vitufe juu ya ubao wa mchezo wa Go. Kanuni aliyoichagua ina hali mbili tu, hai na kufa, na majirani wanane. Seli iliyokufa yenye majirani hai 3 kamili inazaliwa. Iliyo hai ikiwa na majirani hai 2 au 3 inabaki. Nyingine zote zinakufa au zinabaki zimekufa. Martin Gardner aliutangaza mchezo huu katika jarida la Scientific American toleo la Oktoba 1970, na tangu hapo unaitwa Mchezo wa Maisha. Richard Guy, mmoja wa wenzake Conway, alipokuwa akifuatilia vurugu iliyozaliwa na umbo la seli tano liitwalo R-pentomino, aliona kipande kidogo kinajitenga na kuondoka. Seli tano, vizazi vinne, hatua moja ya mshazari. Kikaitwa glaida. Conway mwenyewe akapata vingine vitatu, vizito zaidi, vinavyokwenda wima au mlalo kwa nusu ya kasi ya juu kabisa. Novemba mwaka huohuo kundi la Bill Gosper pale MIT likapata mzinga unaorusha glaida moja kila vizazi 30, likashinda dola 50 ambazo Conway alikuwa ameahidi.

Kasi ya juu kabisa ni seli moja kwa kizazi, kwa kuwa hakuna seli inayopata habari kutoka mbali zaidi ya jirani yake. Wataalamu wanaiita kasi ya nuru. Conway alithibitisha kwamba hakuna chombo kinachoweza kupita katika uwanja mtupu kwa zaidi ya nusu ya kasi hiyo kwa wima au mlalo, wala zaidi ya robo kwa mshazari. Chini ya mipaka hiyo hakuna sheria inayokataza kasi yoyote. Je, kuna kinachokwenda theluthi? Humusi? Sehemu 17 kwa 45?

Hapa ndipo ukali wa Mchezo wa Maisha unapoonekana. Hauna majivu. Seli iliyokufa sasa hivi inaweza kufufuka kizazi kijacho ikipata majirani watatu, kwa hiyo takataka yoyote iliyoachwa nyuma ni baruti. Inaweza kulipuka, kulifukuzia kundi lililoondoka, kulipata kwa nyuma na kulivunja. Mipangilio mingi inayoanza kutembea hufa hivyo: sehemu ya mbele inaenda vizuri kabisa, nyuma inabaki uchafu, na uchafu ndio unaoua. Moto wa Liparamba ungekuwa na tabia hii, usingefika mbali.

Kwa karibu miaka 20 hakuna kasi mpya iliyopatikana. Kisha mwaka 1989 Dean Hickerson aliandika programu ya kutafuta, ikampa vyombo vya kasi ya theluthi na vingine. Baada yake wengine wakaboresha: Tim Coe akapata humusi mwaka 1996, David Eppstein sehemu 2 kwa 7 mwaka 2000. Utafutaji huu ni kazi ya nguvu. Kompyuta inajaribu safu moja ya seli baada ya nyingine, ikirudi nyuma kila inapokwama, na kadiri mzunguko wa vizazi unavyokuwa mrefu ndivyo idadi ya kujaribu inavyovimba hadi hakuna mashine inayoiweza. Mzunguko wa vizazi 45 uko mbali mno na uwezo huo. Anayeutaka inabidi aache kutafuta na aanze kujenga.

Waliojenga ni Gabriel Nivasch, Jason Summers na David Bell. Walianza na jambo dogo ambalo kanuni yenyewe ilikuwa imelificha: umbo la seli saba lililofanana na herufi ya Kigiriki pai, likiwekwa kwenye msururu wa blinka (blinka ni seli tatu zinazopinduka wima na mlalo), hupanda msururu huo kama ngazi, seli 17 kwa kila vizazi 45. Hakuna aliyeibuni tabia hiyo, waliikuta tu. Tatizo ni kwamba pai ni mpandaji asiye na ngazi yake. Mtu lazima ampangie blinka mbele, bila kukoma, na lazima azizoe taka anazoacha.

Wakamfanya alipe gharama zake mwenyewe. Mabaki ya pai wengi wanaopanda ngazi nyingi sambamba yakageuzwa kuwa glaida na vyombo vyenye kasi ya nusu. Nusu ni zaidi ya 17 kwa 45, kwa hiyo vyombo hivyo vinawapita pai, vinatangulia, na kule mbele kabisa migongano iliyopangwa kizazi kwa kizazi inatengeneza blinka mpya, mahali pake na kwa wakati wake. Nyuma nako kuna sehemu nzima ambayo kazi yake ni kuhakikisha habaki hata seli moja hai. Desemba 31, 2004 kazi ikakamilika. Wakaiita Caterpillar, yaani kiwavi. Ina seli hai 11,880,063 katika hali yake ndogo kabisa, urefu wa seli 330,721 na upana wa 4,195. Kila seli ukiipa mita moja ya mraba, kiwavi huyu angetanda takriban umbali wa barabara kutoka Mbinga, kupitia Songea, hadi Njombe, akiwa na upana wa zaidi ya kilomita nne. Na sababu ya ukubwa wote huo ni kamchezo ka seli saba zinazopanda ngazi. Ni miundombinu, tena miundombinu ya barabara ambayo mjenzi analazimika kuikunja nyuma yake kila anapoendelea.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wajisumbue hivyo, na mimi sina jibu la faida. Nadhani ni kosa kulitafuta. Daraja la aina hii hujengwa na anayetaka kujua kama mto unavukika.

Mei 18, 2010 likaja jambo ambalo hata waliozoea majitu halikuwapita kimyakimya. Andrew Wade alitoa mpangilio uitwao Gemini, chombo cha kwanza katika Mchezo wa Maisha kinachokwenda njia isiyo wima, isiyo mlalo wala mshazari kamili. Seli 5,120 upande mmoja na 1,024 upande wa pili, kwa kila vizazi 33,699,586. Kizazi kikichukua sekunde moja, mtazamaji angesubiri siku 390 aone hatua moja.

Gemini haikimbizani na ngazi. Ina vichwa viwili vilivyoachana mbali mno, na kati yao kuna msafara mrefu wa glaida unaokwenda na kurudi. Msafara huo ni maagizo. Ukifika kwenye kichwa, nafasi kati ya glaida na glaida inaelekeza mikono ya kujengea, ambayo asili yake ni kazi ya Paul Chapman na Dave Greene, kujenga kichwa kipya pembeni. Kichwa kipya kikiwa tayari, maagizo yaleyale yanabomoa cha zamani. Kisha glaida zinarudishwa upande wa pili kufanya vivyo hivyo. Wazo la mashine inayosoma maagizo na kujijenga upya ni la John von Neumann wa miaka ya 1940, ambaye alihitaji seli za hali 29. Wade aliifanya katika ulimwengu wa hali mbili.

Kuna ujanja hapa unaostahili kutazamwa polepole. Nakala ya kichwa si safari. Ukijenga kichwa cha pili na kukiacha cha kwanza, una vichwa viwili, umezaa. Kinachogeuza kuzaa kuwa kutembea ni ubomoaji. Wade alilazimika kupanga kifo cha kila kipande kwa uangalifu uleule aliopangia kuzaliwa kwake, maana kipande kimoja kikisalia, hatua inayofuata itagongana nacho. Na kwa vile glaida zinapita katika uwanja mtupu, Gemini ni nyembamba ajabu: eneo la zaidi ya seli milioni 4 kila upande, lakini hai ni 846,278 tu.

Utauliza nani ana kompyuta ya kusubiri vizazi milioni 33. Karibu yeyote. Gosper yuleyule wa mzinga alibuni mwaka 1984 njia iitwayo Hashlife, ambayo hukumbuka kila kipande cha uwanja ilichowahi kukihesabu na mustakabali wake, kisha haikihesabu tena kikijirudia. Programu ya bure ya Golly, ya Andrew Trevorrow na Tomas Rokicki, inaitumia njia hiyo, na kwa kompyuta ya kawaida Gemini hutembea mbele ya macho yako.

Baada ya hapo wajenzi walipata kiburi cha haki. Mwaka 2014 Chris Cain alikamilisha Centipede, na mwishoni mwa mwaka huohuo Brett Berger akatoa Waterbear, inayokwenda mshazari usio kamili kwa kasi kubwa kuliko Gemini. Mwaka 2016 Michael Simkin akaja na Caterloopillar, ambayo kusema kweli ni programu ya kuzalisha vyombo: mpe kasi yoyote iliyo chini ya robo, naye anakutolea kiwavi wa kasi hiyo. Swali la kama kasi fulani inawezekana, ambalo watu walilikalia kwa miaka, likawa jambo la kuandika namba.

Halafu, Machi 6, 2018, Adam Goucher akatangaza Sir Robin. Inakwenda mbili kwa moja, hatua ya farasi wa sataranji, kila vizazi sita. Ina seli hai 282. Kazi ya mwelekeo ambayo Gemini iliifanya kwa mamia ya maelfu ya seli imefanywa na kitu kinachoenea kwenye kioo kimoja cha simu, na hakikujengwa na mtu, kilitafutwa na kompyuta zenye njia bora kuliko za zamani. Wapo wanaoona kwamba hapo majitu yalipitwa na wakati. Mimi nawakatalia. Caterpillar unaweza kuifuata kipande kwa kipande na kusema huyu yuko hapa kwa sababu hii. Ukimuuliza mtu kwa nini Sir Robin anatembea, jibu ni kwamba anatembea. Namheshimu, ila ninayependa kumtazama ni kiwavi.

Hata Sir Robin hakutoka hewani. Rokicki alikuwa ameshapata kipande cha mbele, kinachokwenda mwendo huohuo wa farasi, safu baada ya safu, bila kosa. Alichokosa ni mkia wa kukifunga nyuma.